Ninaowafuata

Ndosho, Goma, 4 Mei 2025

Masenge wangu,

Kama unasoma ukiwa umesimama, keti, lakini usiogope. Hakuna msiba mpya nyumbani. Nakusalimu wewe, namsalimu muzee Nsanzimana na ng'ombe anaokuchungia, nawasalimu wote wanaopita uani kwako kuomba maji. Mama amerudi sokoni kuuza sambaza, samaki wake wadogo wa ziwani. Upepo ulifungua bati la jikoni, tukalirudisha na kulilaza chini ya mawe meusi, ambayo hapa kwetu hayakosekani. Dawa ya presha ya Mama inapatikana, ingawa kwa kuzunguka.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako ndogo haishiki réseau, na hata inaposhika unajibu "ndiyo, ndiyo" kisha unakata. Mama Annonciata, anayetuletea maharage kutoka huko Kiwanja, amekubali kutubebea barua.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tangu Jumapili ile ya Februari mdogo wangu Gisubizo alipotoka kwenda ibada, hatujasikia sauti yake. Unajua kuhusu video aliyoiweka, ile ya watu wanaolipishwa njiani. Ilitazamwa na wengi kuliko alivyotegemea. Siku chache baadaye watu tusiowajua walikuja kuuliza kwa jirani analala wapi. Kisha ikawa Jumapili, kisha ikawa kimya.

Mimi namtafuta kwa njia niliyo nayo, nayo ni simu. Nilianza kwa kufuata kurasa za wanaotangaza watu waliopotea. Zikaniletea kurasa za wanaoweka picha za maiti zisizo na jina, nikazifuata hizo pia. Nikafuata wanaosifu upande mmoja, kwa sababu huenda wakamtaja kama adui. Nikafuata wanaosifu upande wa pili, kwa sababu huenda wakamtaja kama wao. Nawafuata watu ninaowachukia, Masenge. Asubuhi nawasoma kabla ya kunawa uso. Simu imeshanijua kuliko unavyonijua wewe: inaniletea wafu kabla sijaomba.

Na yeye mwenyewe bado namfuata. Ukurasa wake haujaguswa. Picha ya mwisho ni kikombe cha chai ya rangi, na ameandika chini yake: "Kwa wale ambao maziwa yamewashinda." Unakumbuka. Ulikuwa ukimwita mgeni wa ukoo, mtoto wa wafugaji anayetapishwa na maziwa.

Ombi langu ni hili. Kuna kijana wa hapa Ndosho anaitwa Fortunat, ana ukurasa unaofuatwa na watu elfu arobaini. Yuko tayari kuweka picha ya Gisubizo na jina lake lote na mahali ukoo wetu unapokaa, na kuuliza nani amemuona. Anataka tu neno la mkubwa wa familia, ili kesho tusimkane. Baba hayupo. Mkubwa ni wewe, dada yake. Andika "nakubali" na utie sahihi, mengine nitayafanya mimi.

Nakukumbatia nikiwa na haraka,
Emerance


Kiwanja, 27 Mei 2025

Emerance, mutoto wa kaka yangu,

Barua yako imefika, inanuka gunia. Nimeisoma mara mbili, nimeifunga ndani ya kitenge. Musalimie mama yako, mwambie asibebe beseni kwa kichwa wakati presha imepanda. Mutu hauzi sambaza akiwa kaburini.

Huku tuko. Mvua haijatuachilia, maharage yanaanza kukauka na tunaomba jua. Shamba la chini tumelilima tena, tunaweka viazi. Ng'ombe wetu Bihogo tumemupeleka kwa dume la jirani Moïse, ile dume yenye pembe moja, lakini kazi inajua. Muzee Nsanzimana magoti yamemukatalia. Nimepata muchungaji mupya. Bado hajui kazi, tuseme ng'ombe ndio wanamuchunga yeye. Juzi walimuleta nyumbani saa tisa wakati yeye alikuwa anataka kuwaleta saa kumi na moja.

Sasa ile jambo yako. Hapana. Picha usitoe. Na kule kwa simu, pale unapomufuata Gisubizo, mutoe. Usinisukume na maswali. Barua ni mutu anayetembea, anaweza kusimamishwa njiani na kupekuliwa mifuko.

Unasema huyo Fortunat anafuatwa na watu elfu arobaini. Wewe unamujua Fortunat. Hao wanaomufuata unawajua? Kila mumoja, na kile anachokitafuta? Nimeishi na ng'ombe tangu nikiwa sina meno. Ng'ombe anayelia kuliko wengine hatumuweki mbele ya kundi, maana hatujui anamuita nani.

Kula, lala, enda kwaya.
Masenge wako,
Mukamugema


Ndosho, 19 Juni 2025

Masenge,

Salamu. Mama ni mzima. Unisamehe, barua yako niliiruka mpaka nilipofika kwenye jambo lenyewe. Habari za ng'ombe nitazisoma nikipata moyo.

Neno lako ni moja, "hapana," na sababu hukuitoa. Nilimsomea Fortunat ile sehemu ya ng'ombe anayelia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Emerance, masenge wako anadhani page yangu ni zizi?" Nilitaka kumpiga. Kisha nikaona kwamba hata mimi nilitaka kucheka, na hiyo iliniumiza zaidi.

Acha nikueleze ninavyoishi. Wiki iliyopita ukurasa mmoja uliweka picha ya kijana amelala kifudifudi kando ya barabara. Shati la mistari ya kijani, kama lile Gisubizo alilopewa alipomaliza sekondari. Niliikuza picha mpaka mistari ikawa vitone. Nilitafuta sikio lake, kwa kuwa masikio yake nayajua. Halikuwa sikio lake. Furaha iliyonijia, Masenge, ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilisema kwa sauti, "Asante Yesu," na Mama akauliza kutoka jikoni namshukuru kwa nini. Namshukuru kwamba ni mtoto wa mwanamke mwingine. Nimekuwa mtu wa namna hiyo.

Rafiki yangu Bénita ananiambia niache kurasa hizo zote. Anasema, "Hao unaowafuata wanakula ndani yako na hawaoshi sahani." Lakini nikiziacha, na siku hiyohiyo wakaweka sikio ambalo ni lake?

Na wewe unaniambia nimwache hata yeye. Ni kitufe kimoja tu. Naweka kidole juu yake, nakiondoa. Kumtoa kwangu ni kumtupia udongo wa kwanza, na sitautupa peke yangu kwa amri isiyo na maelezo.

Kwa hiyo nakuomba uchague. Kama unaamini yuko hai, tia sahihi tumtafute. Kama unaamini amekufa, basi mfanyie kama ulivyomfanyia Baba. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka. Ulitenga dume asikaribie majike. Ulikataza mtu yeyote kugusa jembe mpaka siku ya kuondoa kilio. Pasta alikwambia hizo ni desturi za zamani, nawe ukamjibu, "Pasta, wewe omba, mimi nifunge dume, Mungu atachagua mwenyewe." Mbegu zilituozea ndani ya nyumba na hukujali. Basi mpe mtoto wake heshima hiyohiyo. Tenga dume. Zuia jembe. Niambie siku, nami nitakuja na Mama, hata kwa miguu.

Fortunat atanisubiri mpaka Jumamosi ya mwisho ya Julai. Asipopata neno lako, ataweka picha kwa neno langu. Nina umri wa kutosha.

Emerance


Ndosho, 13 Julai 2025

Masenge,

Mama anakusalimu. Sijapata jibu. Mama Annonciata haonekani sokoni. Wenzake wanasema njia ilifungwa mbele ya Kibumba, wengine wanasema ana malaria, wengine wanasema vyote viwili. Sijui kama umenyamaza au umenyamazishwa na barabara.

Picha nimeshaichagua. Ni ile ya harusi ya binamu yetu Alliance, anapotazama pembeni na kucheka. Anaonekana vizuri. Mtu yeyote akikutana naye atamtambua mara moja.

Nimempa Fortunat. Ataiweka tarehe 26.

Emerance


Kiwanja, 8 Julai 2025

Emerance,

Annonciata ni mugonjwa, homa imemulaza. Akipona anaondoka na barua hii, na ninamuombea apone haraka kuliko ninavyojiombea mimi.

Umeandika kwamba uliruka salamu zangu. Nani alikufundisha kusoma barua kuanzia katikati? Ni ile simu. Inakupa kelele bila salamu, unadhani maneno yote yanakuja hivyo. Mutoto wangu, kwetu salamu ndio barua. Kile kinachofuata ni karatasi iliyobaki. Nazirudia, na utazisoma pole pole, usiruke hata moja.

Bihogo alikubali dume, amebeba mimba. Dume mwenyewe tumemuomba kwa Moïse akae hapa kwetu, yuko na majike muchana na usiku, hatukumutenga.

Maharage tumevuna, siku ileile jembe likaingia tena shambani. Viazi vimeota. Mbegu hakuna iliyooza ndani ya nyumba yangu.

Kichwa changu sikunyoa. Nguo ninayovaa ni ile ya maua mekundu, ile ulisema inanifanya nionekane kama pazia.

Muchungaji mupya anajifunza. Ameanguka katika matope mara nyingi mpaka ng'ombe wamemuzoea. Kwa miguu anavaa sandali za plastiki ambazo hazimufai, kisigino kinatoka nje. Ila ana jambo moja la aibu. Hanywi maziwa. Umeona wapi muchungaji asiyekunywa maziwa? Nikimupa kikombe anageuza uso. Nampikia chai ya rangi kama mugeni wa hoteli.

Hizo ndizo salamu.

Umeniagiza nitenge dume. Sitatenga. Umeniagiza nizuie jembe. Sitazuia. Wewe unanijua mimi ni mutu gani.

Kuhusu watu wa kufuata, sina simu ya namna hiyo na sitakuchagulia. Nakuuliza tu: kama ungejua kwamba wale wanaotafuta ndama ni fisi pia, ungepiga kelele ukisema ndama ana baka jeupe usoni?

Masenge wako,
Mukamugema


Ndosho, 3 Agosti 2025

Masenge wangu,

Nakusalimu, na leo nasalimu mmojammoja. Namsalimu Bihogo na kile anachokibeba. Namsalimu dume wa pembe moja. Nalisalimu jembe. Nakusalimu wewe ndani ya nguo yako ya maua, ambayo ni nzuri, na niliwahi kusema uongo. Namsalimu muzee Nsanzimana na magoti yake.

Barua yako ya tarehe 8 ilinifikia Ijumaa, tarehe 25 Julai. Mama Annonciata alikuwa amekonda, amejifunga sweta kwenye jua kali, lakini alishuka kutoka juu ya magunia akanipa karatasi mkononi kabla ya kumwita mtu wa kupakua. Niliisoma palepale, kati ya pikipiki. Nilisoma salamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipofika kwenye kikombe cha maziwa niliketi juu ya maharage ya watu. Yule mama akauliza, "Ni habari mbaya?" Nikasema, "Ni habari za ng'ombe." Akasema, "Basi simama, unaniponda mali."

Katika nyumba yenye kilio, dume hakai na majike. Zaidi ya hapo sitaandika chochote.

Kutoka hapo nilikimbia kwa Fortunat. Picha ilikuwa tayari mbele yake, na maneno, na jina la Kiwanja. Alikuwa anachagua rangi ya herufi.

"Ondoa," nikamwambia.

"Nimeshawaambia watu wasubiri kitu kikubwa kesho."

"Waache wasubiri."

"Emerance, ni mdogo wako! Wewe ndiye uliyelia hapa."

"Ni mdogo wangu. Ondoa."

Alinitazama kama mtu aliyeibiwa. Alisema mimi ni mwoga kama wengine wote, na ya kwamba kwa sababu ya watu kama mimi hakuna anayepatikana. Neno nililokuwa nalo halikuwa la kusema. Niliacha aniite mwoga. Nilisubiri mpaka akafuta mbele ya macho yangu, katika simu na katika kompyuta. Yeye si mtu mbaya, Masenge. Ningekuwa sina shangazi, angekuwa sahihi.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa anaosha beseni. Sikujua nimwambie vipi, na nyumba yetu ni ya mbao, jirani anasikia hata kijiko. Nikasema, "Masenge anasema Bihogo ana mimba."

Alisimamisha mikono ndani ya maji. Kisha akauliza, polepole, "Kwa dume la nani?"

"La Moïse. Wamemweka kwao kabisa, yuko na majike."

Mama akageuza beseni, akaliweka chini, akaketi juu yake. Alifunika uso kwa kitenge na mabega yakaanza kutetemeka. Jirani akachungulia akauliza kuna nini. Nikasema ng'ombe wa shangazi amebeba mimba. Jirani akasema, "Nyinyi na ng'ombe wenu!" akarudi ndani.

Sasa kuhusu wale ninaowafuata. Niliketi nao mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeaga. Wa maiti niliwaondoa kwanza, nikidhani ningeona wepesi. Sikuona. Kila picha niliyoiacha ina mama yake mahali fulani, na mama huyo hana shangazi wa kumwandikia habari za ng'ombe. Nimebakiza ukurasa mmoja tu wa waliopotea, ule usioweka damu, kwa ajili yao. Niliondoa wanaosifu na wanaotukana. Ilikuwa kama kutoka sokoni: bado masikio yanavuma, lakini hakuna anayesema.

Wa mwisho alikuwa yeye. Kikombe chake cha chai kilikuwa pale. Simu iliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa nimekwambia kwamba kumtoa ni kumtupia udongo. Nilibonyeza, na mkono wangu ulikuwa kama wa mtu anayevuta mlango polepole ili mtoto aliyelala asiamke.

Siku tatu zilizopita walisimamisha teksi yetu kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, wakachukua simu. Kijana mwenye bunduki alipitisha kidole kwenye majina ninayofuata, akiyasoma kwa sauti kwa mwenzake.

"Kwaya. Kwaya nyingine. Bei ya maharage. Hali ya hewa. Namna ya kupika sombe." Akanitazama. "Dada, una miaka sabini?"

"Ishirini na sita."

"Hii ni simu ya bibi yangu." Mwenzake akacheka. Akanirudishia.

Nilitembea hatua chache ndipo miguu ikakumbuka kuogopa. Nilifikiria majina ambayo yangekuwa pale wiki moja kabla, na jina moja zaidi ya mengine, na picha ya harusi, na Kiwanja imeandikwa chini yake.

Nimempa Mama Annonciata kifurushi. Ndani yake kuna bottes za mpira, namba 43, kwa ajili ya muchungaji wenu, kwa kuwa umesema sandali hazimfai. Namba sikukisia. Kuna pia majani ya chai, na sambaza kutoka kwa Mama.

Usiniandikie chochote kumhusu. Niandikie salamu tu, na uzifanye ndefu.

Mtoto wako,
Emerance


Kiwanja, 31 Agosti 2025

Emerance mutoto wangu,

Hapa tuko wazima. Bihogo ameanza kuwa muzito na anachagua majani kama bibi harusi. Viazi tumepalilia. Jua ni kali, mawingu yanakuja jioni na kurudi bila kufanya kitu. Muzee Nsanzimana anaketi juu ya kiti chake na kugombeza kila mutu, kwa hiyo ni muzima. Mwambie mama yako nimepokea sambaza, nimekula na vichwa vyake.

Bottes zimefika. Zinamutosha. Alizivaa siku ileile, akala nazo, akataka kulala nazo, nikamugombeza mpaka akazivua mulangoni. Asubuhi nilizikuta pale, mbili, zimejaa matope.

Maziwa bado anakataa.

Masenge wako,
Mukamugema